Mgeni njoo Kampala, na mwenyeji naye apone

WAHENGA walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo sasa unapimwa hapa Kampala, ambako mgeni mwenye fedha huuziwa mapumziko ya kifahari ya siku tatu au nne: kulala hoteli ya nyota tano, gofu asubuhi, makaburi ya wafalme mchana, sanaa na chakula cha Kiganda jioni.

Sina ugomvi na biashara hiyo. Mgeni akikaa Kampala badala ya kupita tu kwenda kuwaona sokwe wa Bwindi, fedha zinabaki mjini. Swali ni je, zinabaki mikononi mwa nani? Na sisi wenyeji tunapata nini zaidi ya kuyaona magari ya watalii yakitupita?

Tuanze na gofu. Uwanja wa Kitante wenye mashimo 18 uko katikati ya mji, na kutoka Kyebando ninakoishi ni mwendo mfupi wa bodaboda. Wanaowabebea wachezaji mifuko ya vijiti ni vijana wa kawaida, na baadhi ya wachezaji wa kulipwa nchini walianzia kazi hiyo hiyo. Mgeni anayelipa mamia ya dola kwa usiku mmoja hawezi kushindwa kumlipa kijana huyo ujira wa haki uliopangwa, badala ya kumwachia bakshishi tu.

Lakini jambo linalonigusa zaidi ni Kasubi. Jumba lile kubwa la nyasi, Muzibu Azaala Mpanga, lilijengwa na Kabaka Muteesa wa Kwanza mwaka 1882, naye akazikwa humo mwaka 1884. UNESCO iliyatangaza makaburi hayo kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Machi 16, 2010 moto uliliteketeza jumba hilo. Kazi ya kulijenga upya ilichukua zaidi ya miaka kumi, na Septemba 2023 makaburi hayo yakaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Kazi hiyo haikufanywa na fundi yeyote tu. Kuezeka ni jukumu la ukoo wa Ngeye, na nguo za magome ya mtuba ni jukumu la ukoo wa Ngonge. Pete za nyasi zilizo ndani ya paa ni 52, kwa idadi ya koo za Buganda.

Wamelala humo wafalme wanne, na wawili kati yao walifia uhamishoni. Mwanga alipelekwa Shelisheli mwaka 1899, akafa huko mwaka 1903, na mabaki yake yakarudishwa mwaka 1910. Edward Muteesa alikimbia baada ya jeshi kuivamia ikulu ya Mengo Mei 1966, akafia London mwaka 1969, akaletwa kuzikwa mwaka 1971. Mwanawe, Ronald Mutebi, alisoma Uingereza na akatawazwa Julai 31, 1993, baada ya falme zilizofutwa mwaka 1967 kurejeshwa.

Basi Kasubi ni nyumba ya waliorejea. Sisi tuliosomea ugenini, ambao shuleni tulifundishwa historia ya nchi za watu, tuna haki ya kwanza ya kuingia pale na kuelezwa. Si haki historia yetu iwe burudani ya nusu saa kati ya gofu na chakula cha mchana.

Wafanyabiashara wa mpakani nao wamo katika habari hii. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huvuka Busia, Malaba na Katuna kwa kitambulisho cha taifa. Wengi hufika Kikuubo alfajiri, hununua bidhaa na kupanda basi usiku, bila kujua kuwa Sanamu ya Uhuru iliyopo katikati ya mji huu ni kazi ya Mkenya, Gregory Maloba, aliyejifunza sanaa Makerere. Sam Ntiro, mchoraji wa Tanzania, naye alisomea huko huko. Sanaa ya Kampala ni mali yao pia.

Na chakula? Luwombo, nyama au karanga zilizofungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, husimuliwa kuwa ilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga. Leo mama lishe wa mitaani anaipika vizuri kama mpishi wa hoteli. Mgeni apelekwe kwake pia, na akitaka rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, aile kando ya barabara inakokaangwa.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, Wizara ya Utalii na uongozi wa Buganda wahakikishe kila kampuni inayouza Kasubi inaacha sehemu ya malipo kwa wanaolitunza jumba hilo, wakiwemo waezekaji na watengeneza lubugo.

Pili, maelezo ya Kasubi, Mengo na Jumba la Makumbusho la Uganda yatolewe kwa Kiswahili fasaha. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Vijana tunaowafundisha lugha hii wanahitaji ajira, na hii ni mojawapo.

Tatu, kampuni za mabasi ziandae ziara ya nusu siku kwa bei anayoimudu mfanyabiashara mdogo, mizigo yake ikiwa salama stendi.

Watalii wa gofu waje, tena waje wengi. Lakini mji unaomwonyesha mgeni makaburi ya wafalme wake, huku watoto wa Kyebando na wachuuzi wa Busia hawajawahi kuyaona, utakuwa umeuza urithi kabla ya kuurithisha.