KARANI WA MARADHI AFUNZWE NA NANI?

Mwezi wa Novemba, 2023, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mengi yamesemwa juu ya michango, na juu ya nani atakayemlipia asiye na uwezo. Machache mno yamesemwa juu ya mtu ambaye kwa kalamu yake fedha hizo hutoka katika mfuko wa bima zikafika hospitalini: karani anayeyageuza maandishi ya daktari kuwa namba.

Kazi hiyo si ngeni. Mwaka 1893, huko Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon aliwaletea wanatakwimu wenzake orodha ya sababu za vifo, ili mataifa yahesabu wafu wao kwa lugha moja. Tangu 1948 orodha hiyo imo mikononi mwa Shirika la Afya Duniani, nayo haihesabu vifo tu, bali maradhi pia. Katika chapa yake ya kumi, malaria ya falsiparamu huandikwa B50. Malaria ambayo aina yake haikutajwa huandikwa B54. Daktari akiandika "malaria" tu, karani hana ruhusa ya kubuni. Yampasa aandike B54, au arudi kwa daktari akamwulize. Kurudi huko kwataka ujuzi, na kwataka moyo pia, kwa maana si madaktari wote wapendao kuulizwa na karani.

Namba ikipunguzwa uzito, hospitali imepunjwa. Ikizidishwa, wanachama wa mfuko wameibiwa. Na si kila akoseaye ni mwizi, wengi hawakufunzwa.

Huko Marekani kazi hii imekwisha kuwa taaluma kamili, na yafaa tuitazame kwa macho mawili. Tarehe 1 Oktoba, 2015, nchi hiyo iliacha chapa ya tisa ikaingia ya kumi kwa namna yake yenyewe. Namba za maradhi ziliruka kutoka kiasi cha 14,000 hadi zaidi ya 68,000, hata mfupa uliovunjika ikawa lazima usemwe kama ni wa kulia au wa kushoto, na kama mgonjwa yumo katika matibabu ya kwanza au amerudi kutazamwa. Mwanafunzi hujifunza viungo vya mwili, maneno ya kitabibu na kanuni za bima. Mtihani wa chama kiitwacho AAPC una maswali 100 kwa muda wa saa nne.

Ujuzi huo twausifu. Lakini mara nyingi mfanyakazi ndiye ajilipiaye masomo, vitabu na mtihani, na vitabu havina budi kununuliwa upya kwa kuwa namba hubadilika kila mwaka. Orodha ya namba za huduma si mali ya umma hata kidogo: ni mali ya Chama cha Madaktari wa Marekani, kilichoitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Naye aliyefaulu bila uzoefu hupewa cheti chenye herufi A, yaani mwanagenzi, mpaka athibitishe uzoefu au mafunzo zaidi. Waajiri wengi wataka mwenye uzoefu. Ataupata wapi asipoajiriwa? Na huku kazi nyingi ya namna hiyo hupelekwa Chennai, India, ambako ujira ni mdogo.

Vijana wetu wanaoonyeshwa vyeti hivyo katika simu kama mlango wa dola hatuwakatazi. Wajue tu kwamba watafunzwa namna ya kumdai mlipaji wa Marekani. Chapa ya kumi na moja ya orodha ya dunia, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari, 2022, yasomwa bila malipo.

Watu wa kufunzwa kwanza tunao. Ni wale wanaojaza vitabu vya MTUHA katika zahanati, mara nyingi muuguzi yule yule aliyekesha na wagonjwa. Hao wafunzwe katika saa za kazi, kwa gharama ya mwajiri, na kazi yao ipewe jina na ngazi ya mshahara. Tunaambiwa kompyuta sasa zaweza kupendekeza namba. Ni kweli, lakini mfuko ukihoji hati ya madai, atakayeitwa kujibu ni mtu.

Wizara ya Afya na mifuko ya bima iwaambie wananchi ni makarani wangapi watakaofunzwa, katika vyuo gani, na kwa fedha ya nani.