Nani Ataililia Kasika?

Mtunzi wa pwani akitaka kuulilia unyonge wa mtu mweusi, kalamu yake huvuka bahari upesi. Huenda Alabama, kwenye kanisa la Kibaptisti la Barabara ya 16 mjini Birmingham, ambako bomu la Ku Klux Klan liliwaua wasichana wanne Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1963. Hapana lawama katika kilio hicho. Lawama ni kuwa machozi huishia huko huko, kana kwamba nyumba za ibada zilizomwagwa damu ni habari ya ng'ambo tu. Ilhali Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, wameishi kwa miongo mitatu na zaidi wakimbizi wa Burundi na Kongo, watu wa nchi zenye habari kama hiyo, tena wengi wao wanaweza kuisimulia kwa Kiswahili.

Yafaa kwanza iulizwe: kwa nini kanisa? Waliolipua na waliolipuliwa kule Birmingham walisoma Biblia moja. Ugomvi haukuwa wa imani. Mwezi Mei wa mwaka ule watoto walikusanyika ndani ya kanisa hilo kabla ya kutoka kuandamana. Tarehe 16 Juni 1964 kanisa la Mount Zion, Mississippi, lilichomwa moto, nalo lilikuwa limekubali kuwa skuli ya uhuru. Mtu aliyefungiwa mlango wa bunge, wa mahakama na wa skuli alibakiwa na paa moja la kukutania na wenziwe, na dhalimu alilijua paa hilo.

Dhalimu wa Maziwa Makuu alilijua vile vile. Mwaka 1972, serikali ya Burundi ilipowasaka na kuwaua Wahutu waliosoma, wachungaji na walimu wa makanisa hawakusalimika. Katika miaka ya 1980, chini ya Rais Jean-Baptiste Bagaza, wamisionari walifukuzwa, na madarasa ya kanisa yaliyowafunza kusoma watoto wasiokuwa na skuli yakafungwa. Kilichoogopwa si sala. Kilichoogopwa ni mtoto wa mkulima anayejua kusoma.

Kisha ikaja Kasika, Kivu ya Kusini. Tarehe 24 Agosti 1998 paroko, watawa na waumini waliuawa parokiani, na katika vijiji vya jirani wakauawa mamia ya raia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inawataja wapiganaji wa RCD na askari wa Rwanda, ambao maofisa wao walikuwa wameuawa kwa kuviziwa siku iliyotangulia. Anayetaka kuuadhibu umma mzima huanzia pale umma unapokutana.

Wenye haraka huyaita yote haya "vita vya kikabila", wakadhani wamekwisha kueleza. Neno hilo ni shuka ya kumfunika maiti asitambulike, wala muuaji wake asiulizwe. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ya Buta nchini Burundi, waasi waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa, na 40 kati yao wakauawa pamoja. Ikiwa kabila ndilo liuwalo, mbona hapo kabila lilikataa kutii?

Atasema mwingine kwamba makanisa nayo hayana mikono safi, na atataja Nyange ya Rwanda, ambako mwezi Aprili 1994 kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya Watutsi waliokimbilia humo. Kweli, na paroko wake, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008 na mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha. Lakini hoja hiyo haimwokoi mtu. Inazidi kuthibitisha kwamba kilichovunjwa ni amana, paa ambalo mnyonge aliamini halitamsaliti.

Tofauti ya Birmingham na Kasika basi iko wapi? Iko katika maneno. Wauaji wa wasichana wale walihukumiwa mmoja mmoja, mwaka 1977, 2001 na 2002, kwa kuwa jamaa, wanasheria, waandishi na waimbaji walikataa kunyamaza. Kwa Kasika hakuna mahakama ya kimataifa iliyoketi. Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, alipopokea Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2018 alilalamika kwamba ripoti ile inaota ukungu katika saraka ya ofisi New York.

Na mwenye kisiwa asiseme hayo ni ya bara. Makanisa yalichomwa moto Unguja mwaka 2012, na tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi akapigwa risasi na kuuawa Jumapili asubuhi, akienda kuongoza misa. Ukuni ulio uchagani huucheka ulio motoni.

Kambi ya Mtabila, Kasulu, ilifungwa mwaka 2012. Ya Mtendeli, iliyokuwa upande wa Kibondo ya zamani, mwaka 2021. Kambi ikifungwa, watu hutawanyika, na nyimbo na masimulizi hutawanyika nao. Mfasiri anayejisumbua kumleta mshairi wa Marekani katika Kiswahili anafanya jambo jema, lakini mkimbizi wa Kivu aliyefika Nyarugusu hahitaji mfasiri. Anahitaji msikilizaji, mwandishi wa kunakili maneno yake bila ya kuyanyoosha yafanane na ya Unguja Mjini, na jarida la kuyachapa. Mashairi ya kuwalilia waliokwisha kuliliwa ni rahisi. Ushairi wa Kiswahili utapimwa kwa wale ambao hawana mwingine wa kuwalilia.