Reli za Pikapu Zikikataa Kutoka

Wewe uliye na pikapu ya kubebea ndengu na maembe kutoka Katangi, je, reli za kufungia mizigo zimekataa kutoka? Usikimbilie nyundo. Wakati mwingine bolti zake hupakwa gundi kiwandani ili mtikisiko usizilegeze. Mafuta ya kulainisha hupambana na kutu. Gundi huhitaji joto. Safisha kichwa cha bolti, kikaushe, ukipashe joto kwa mashine ya kupuliza hewa moto, kisha ufungue polepole kwa spana inayokaa sawasawa. Fundi wa jua kali akileta moto wa kuchomelea, mkatalie: tangi la mafuta liko chini ya bodi. Afadhali reli ibaki kuliko mtu kuungua.