Usiuze "cheni ya Boxer", uza cheni yenye namba



Posti za spea za pikipiki siku hizi zinafanana kama mapacha. Picha ya boksi, halafu maneno: "CHENI YA BOXER IPO, BEI CHEE, MIKOANI TUNATUMA, NJOO INBOKSI." Basi. Hakuna namba, hakuna urefu. Mimi niko Nyahanga hapa Kahama, nauza spea kwa simu, na kwa hili nina msimamo mkali kidogo: hakuna kitu kinaitwa cheni ya Boxer. Kuna cheni ya namba fulani yenye pingili kadhaa. Ukishindwa kutaja hivyo viwili, unauza bahati nasibu.

Tuanze na namba maana ndiyo inawachanganya wengi. Bodaboda nyingi za 125 na 150, iwe Boxer, iwe TVS, zinatumia 428. Ile 4 ya mwanzo inahesabu sehemu za nane za inchi. Nne ya nane ni nusu inchi, yaani milimita 12.7 kutoka pini moja hadi inayofuata. Pikipiki kubwa za porini za 250 nyingi zinakula 520, hapo pini na pini ni inchi 5/8, karibu milimita 15.9. Hiyo hata mtoto ataona ni tofauti. Hatari iko kwa 420, ya pikipiki ndogo. Umbali wa pini ni uleule wa 428, ila yenyewe ni nyembamba. Kwenye picha ya simu huwezi kuzitofautisha. Ukimtumia mtu wa 428 cheni ya 420, haiingii kwenye meno. Ukifanya kinyume chake, inaingia ila inacheza cheza pembeni, na huyo ndiye nitakayemhofia zaidi, kwa sababu ataipanda.

Inchi hizi tumezirithi Uingereza. Cheni ya rola tunayoijua leo ilibuniwa Manchester mwaka 1880 na Hans Renold. Hadi leo mwenye Triumph ya zamani ya 650 akitaka cheni ya nyuma anatafuta inchi 5/8 kwa 3/8, ambayo kwa namba za sasa ni 530. Kinachomsaidia ni kipimo, si jina lililoandikwa kwenye tangi. Kama pikipiki ya miaka 60 iliyopita inapata cheni kwa kipimo, sisi wa Boxer tunashindwa nini?

Halafu kuna herufi H. 428H ina bati nene za pembeni kuliko 428 ya kawaida. Umbali wa pini haubadiliki, ila pini yenyewe ni ndefu, kwa hiyo loki ya 428 usiichanganye na cheni ya 428H. Kwa huku kwetu, kijana anapakia gunia la mpunga, abiria na debe la mafuta juu, anaenda Kakola kwa vumbi na kurudi kwa matope ya mbuga. Na wengi wameshang'oa kava ya cheni. Mtu wa hivyo mimi simshauri cheni nyepesi hata akilia bei. Namwambia wazi tofauti, akiamua mwenyewe sawa.

Urefu sasa. Pingili zinahesabiwa pini kwa pini, na namba yake huandikwa kwenye boksi. Usimtumie mtu kwa kukariri kwamba pikipiki fulani ni 118 au 120. Si unajua vijana wetu: akianza kubeba mizigo tu, anakwenda kwa fundi anaweka spoketi kubwa nyuma apate nguvu ya mlima. Spoketi ikiongezeka meno matatu, cheni inahitaji kama pingili mbili zaidi. Kwa hiyo muulize ahesabu kwenye cheni ya zamani, na aseme kama spoketi imebadilishwa. Kama hawezi kuhesabu, mtumie ndefu. Ndefu fundi anakata. Fupi ni mzigo wa kurudi, na nauli ya basi ya kwenda na kurudi itakula faida yako yote, labda na mtaji.

Kuna swali moja ambalo wauzaji hawapendi kuliuliza: "Spoketi zako zikoje?" Wanaogopa mteja ataona anaongezewa bei. Mimi nauliza na naomba picha ya pembeni. Meno yakishakuwa makali na yamelala upande mmoja kama ndoano, cheni mpya hapo ni kutupa hela. Cheni mpya bado ina milimita zake 12.7, meno yamelika kwa kufuata cheni iliyovutika, havikubaliani. Ndani ya muda mfupi cheni inaanza kuruka, na mteja atasema umemuuzia feki. Afadhali umwambie anunue seti, au asubiri apate hela ya seti.

Na wapo wasiohitaji cheni kabisa, imelegea tu. Mwambie avute cheni, apime pingili 20. Kwa 428 mpya ni milimita 254. Ikikaribia 259 imekwisha. Ikiwa chini ya hapo, akaze, apake oili. Utakosa mauzo ya leo, najua inauma.

Kuhusu neno "orijino", tafadhali. Kama boksi ni la kuiga, usiandike orijino kwa sababu aliyekuuzia alisema hivyo. Tume ya Ushindani, FCC, inakamata bidhaa bandia, lakini hata kabla ya FCC kuna barabara. Cheni ikikatika kwenye mwendo inaweza kujikunja kwenye spoketi na kufunga gurudumu la nyuma. Hapo kuna abiria. Cheni isiyo na jina kubwa si dhambi kuiuza, andika "ya kawaida" na bei yake, wanunuzi wapo.

Najua jibu lenu: maswali mengi yanafukuza wateja, wanahamia kwa anayejibu "ipo, tuma hela". Wengine wanahama, ni kweli. Lakini angalia mteja wetu ni nani. Wengi wako kwenye mkataba au wanapeleka hesabu kwa bosi kila siku. Cheni isiyoingia ikifika Alhamisi, pikipiki inalala hadi nyingine ije, na hesabu ya siku hizo anadaiwa vilevile. Huyo hatakuandikia malalamiko marefu. Ataongea kijiweni, na kijiwe kimoja kina wateja wako wote wa kata ile. Maswali yangu ni manne, nimeyahifadhi kwenye WhatsApp kama jibu la haraka: namba iliyopigwa kwenye bati, idadi ya pingili, meno ya spoketi zote mbili, na picha. Mteja anajibu akiwa amekaa kwenye foleni ya abiria.

Ukituma mzigo, ongeza sauti ya sekunde kumi: klipu ya loki, upande uliofungwa uangalie kule cheni inakoelekea, upande wenye mdomo ubaki nyuma. Mafundi wengi wanajua, wanafunzi wao hawajui.

Mwenye cheni za 420 zilizokwama dukani, weka hapa chini idadi ya pingili na mji uliopo. Kuna watu wananiuliza na mimi sina.