Darasa Si Zawadi: Hesabu ya Watoto wa Soy Iko Wapi?

Katika nchi hii mtoto hazaliwi kwa siri. Akizaliwa hospitalini huandikwa. Akizaliwa nyumbani, naibu wa chifu huarifiwa. Hupewa chanjo, na chanjo hiyo nayo huandikwa. Tangu siku hiyo hadi atakapobisha mlango wa Gredi ya 1 hupita takriban miaka sita. Kwa nini basi kila Januari Serikali humpokea kana kwamba ameshuka kutoka mawinguni?

Twauliza hivi tukiwa Soy, ambako jambo lenyewe halihitaji darubini. Mashamba makubwa ya walowezi yaligawiwa wanunuzi baada ya Uhuru. Wanunuzi wakawagawia wana wao. Na sasa, upande wa Kuinet na Kapsuswa, palipokuwa na mahindi pamekuwa viwanja vya nyumba za watu wanaofanya kazi Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 894,179 katika Uasin Gishu. Ile ya 2019 ikahesabu 1,163,186. Kila muhuri unaogongwa kuidhinisha ugawaji wa shamba ni taarifa rasmi kwamba watoto wako njiani. Je, anayegonga muhuri huo amewahi kumwuliza mwenzake wa elimu shule itasimama wapi? Ardhi ikishauzwa yote hata kipembe cha mwisho, mkandarasi ataangika darasa hewani?

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwishoni mwa 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kufutwa kwa karo katika madarasa manne ya kwanza. Mwaka uliofuata watoto wa darasa la kwanza waliongezeka kutoka takriban 379,000 hadi 956,000. Tangazo lilikuwa jema, ila matofali hayakuwapo. Wazazi wakatozwa ada ya ujenzi ambayo mahali pengi ilizidi ile karo iliyofutwa, na wengi wa watoto walioingia kwa shangwe wakarudi nyumbani kimyakimya. Ulipokuja mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, mzigo wa darasa la nane na karakana ukatuliwa juu ya bega lile lile la mzazi. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo. Wanafunzi wakapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na Serikali ikatoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto, fedha za vitabu na uendeshaji, si za kuinua kuta. Ulimwengu ulikuja Eldoret kumpiga picha Mzee Kimani Maruge, aliyeketi katika darasa la kwanza Kapkenduywo mnamo 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Picha ilikuwa tamu. Lakini picha haiongezi dawati.

Na tufike kwenye kisa kinachotuchoma zaidi, kwa maana hapa hakuna anayeweza kusingizia ufukara. Mwaka 2021 na 2022 Serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilianzisha mpango wa madarasa 10,000 kwa ajili ya Sekondari Msingi. Yakajengwa katika shule za sekondari, kwa kuwa huko ndiko watoto walikotarajiwa kwenda. Desemba 2022, Serikali mpya ya Rais William Ruto ikaamua kwamba watoto hao wabaki katika shule za msingi, na Januari 2023 Gredi ya 7 ikaanza huko huko. Sisemi uamuzi ule wa pili ulikuwa mbaya. Mzazi wa mtoto wa miaka 12 alikuwa na sababu ya kuushangilia. Nasema kwamba darasa lilikuwa upande mmoja wa ua na mtoto upande wa pili. Januari 2025 mambo yakawa kichekesho: shule za sekondari hazikupokea Kidato cha Kwanza hata kimoja, huku shule za msingi zikihangaika kutafuta pa kuiweka Gredi ya 9, na maabara hakuna.

Serikali ikaahidi madarasa 16,000 ya Gredi ya 9. Mengi yamejengwa, na asiyekiri hayo ni mwongo. Lakini kundi lile la kwanza lilikuwa Gredi ya 3 mwaka 2019! Kwa miaka sita lilikuwa likipanda ngazi moja kila mwaka mbele ya macho ya Wizara ya Elimu, nayo Wizara ikashtuka lilipofika juu. Kwa hiyo anayetuambia leo kwamba hakuna fedha, na atueleze kwanza yale mabilioni yaliyotangulia yalifuata hesabu ya nani. Wasomaji wa Injili ya Luka wanamkumbuka mjenzi wa mnara aliyepaswa kuketi kwanza na kupiga hesabu. Mjenzi yule alichekwa na majirani tu. Hapa anayelipa kicheko ni mtoto.

Kwa nini hesabu haipigwi? Kwa sababu hesabu huua zawadi. Wazee wanaikumbuka enzi ambapo redio ilitusomea kila jioni nani ametoa kiasi gani katika harambee gani, kuanzia Mtukufu Rais hadi diwani. Kifungu cha 2A kiliondolewa katika Katiba Desemba 1991. Darasa la zawadi halikuondolewa. Limehamia katika hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, ambayo sheria yake ya 2013 ilibatilishwa na Mahakama ya Juu mnamo 2022, na ile ya 2015 ikakataliwa na Mahakama Kuu Septemba 2024. Bado jina la mbunge hupakwa rangi ukutani, na mama muuza mboga aliyelipa kodi hupiga makofi utepe ukikatwa. Wapo pia wanaonong'ona kwamba Soy inyamaze, kwa kuwa Rais aliwakilisha Eldoret Kaskazini, iliyokuwa ikijumuisha Soy, hadi 2013, na mwana wa nyumbani hatatusahau. Hilo ndilo gonjwa lenyewe, ndugu zangu. Mtoto wa Soy akijengewa kwa hisani, wa Turkana atanyimwa kwa hisani hiyo hiyo.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaiwajibisha Serikali kutoa shule na vifaa. Makanisa yaliyo wafadhili wa shule yana viti katika bodi zake. Viti hivyo si vya kuombea mkutano ufunguliwe na ufungwe.

Basi kila bodi, kila parokia na kila kundi la wapenda mageuzi kutoka Kuinet hadi Ziwa na Moi's Bridge na waiandikie Bodi ya Elimu ya Kaunti barua moja, kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Waulize: katika kila wadi ni watoto wangapi watafikisha umri wa Gredi ya 1 mwaka hadi mwaka, ni madarasa mangapi yaliyopo na mangapi yanafaa kukaliwa, ardhi ipi imetengwa kwa shule mpya, na nani aliamua darasa lililojengwa mwaka jana lijengwe pale lilipo. Afisi inayo siku 21 za kujibu. Nakala ya barua ibaki na katibu, ikiwa na muhuri wa kupokewa na tarehe, kwani jibu lisipokuja, nakala hiyo ndiyo itakayopelekwa mbele ya Tume ya Haki ya Utawala.