ASILI YA MAMBO: Timu za Kwanza za Kupiga Shabaha

Katika nchi ya Kuresoi, kando ya msitu wa Mau, kulenga shabaha si elimu ngeni. Waogiek na Wakipsigis walikuwa mafundi wa upinde tangu zamani, nao walijua kwamba mshale ulioachiliwa kwa pupa haumpati mnyama. Lakini mashindano ya bunduki baina ya timu za raia yalianza mbali, na habari zake zastahili kujulikana.

Mwaka 1859 Waingereza waliingiwa na hofu kwamba Wafaransa wangevuka bahari kuwashambulia. Makarani, wenye maduka na mafundi wakajiandikisha kuwa askari wa kujitolea, na mwaka uo huo kikaundwa chama cha taifa cha bunduki ili watu hao wapate kujizoeza. Tarehe 2 Julai 1860, huko Wimbledon karibu na London, Malkia Victoria aliyafungua mashindano ya kwanza. Alivuta uzi wa bunduki iliyokwisha kulengwa na kukazwa imara, na risasi ikaipata shabaha umbali wa yadi 400. Mwaka 1862 Waingereza na Waskoti wakaanza kushindania Ngao ya Elcho, watu wanane kila upande. Watu wa Ireland wakaingia mwaka 1865, na mwaka 1873 wakaitwaa.

Baada ya ushindi huo wakawaita Wamarekani washindane nao. Timu hizo zilikutana Creedmoor, karibu na mji wa New York, tarehe 26 Septemba 1874. Kila timu ilikuwa na watu sita, na kila mtu alipiga risasi 15 kwa yadi 800, kisha 900, kisha 1,000. Watu wa Ireland walitumia bunduki za kushindilia baruti mdomoni, mfano wa gobori; Wamarekani walitumia zile za kutia risasi kwa nyuma. Kupata kitovu cha shabaha kulikuwa alama 4.

Mtu mmoja wa Ireland, Milner, alipiga kitovu barabara, lakini cha shabaha ya jirani! Hakupewa hata alama moja. Mwishoni alibaki Mmarekani John Bodine na risasi moja, timu yake ikiwa nyuma kwa alama moja. Muda mfupi kabla ya hapo chupa ya soda ya tangawizi ilikuwa imepasuka mkononi mwake na kumkata. Akafunga leso, akalala chini, akapiga kitovu. Wamarekani wakapata 934, watu wa Ireland 931. Kama Milner angaliitazama vema shabaha yake, timu yake ingalishinda kwa 935.

Kenya mchezo huu uliletwa na walowezi. Katika enzi ya ukoloni leseni ya bunduki ilikuwa hasa ya Mzungu, na Mwafrika aliyeshika bunduki mara nyingi alikuwa askari, polisi, au mbeba bunduki wa mwindaji. Hivyo mafundi wa shabaha wa Mau walibaki nje ya uwanja, si kwa upungufu wa macho wala mikono, bali kwa kukosa ruhusa.

Yafaa msomaji aukumbuke mkasa wa Milner. Katika kazi ya shirika, iwe timu au chama cha wakulima, ustadi wa mtu mmoja haufai kitu asipohakikisha kwanza kwamba analenga shabaha ya wenzake.