STELINGI NZITO SI UDHAIFU WA DEREVA



Kila dereva wa lori amepata kuambiwa gerejini: "Pampu ya stelingi imekufa? Wewe peleka tu. Wazee waliendesha bila pampu." Neno hili ni la kupotosha, na leo tunalijibu.

Ni kweli malori ya zamani hayakuwa na pampu. Lakini yaliundwa kwa kupimwa na mikono ya mtu. Usukani ulikuwa mpana, kwa kuwa usukani wa sentimita 50 hupunguza nguvu ya mkono kwa moja ya tano ukilinganishwa na wa sentimita 40. Boksi la stelingi nalo lilizungushwa mara nyingi ili magurudumu yageuke kidogo. Dereva alizungusha sana, lakini aliweza. Lori la leo limeundwa kutegemea pampu. Ikifa, dereva hugeuza kwa mabega yake ekseli iliyobeba tani kadhaa, tena husukuma na mafuta yaliyomo katika boksi. Taabu huzidi pale gari linaposimama au kwenda polepole, yaani yadini na wakati wa kurudi nyuma. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Francis Davis, injinia wa malori huko Marekani, alionyesha stelingi ya kusaidiwa kwa mafuta mwaka 1926. Mwaka 1951 kampuni ya Chrysler iliwauzia matajiri motakaa zenye msaada huo. Basi anayebeba mwili wake peke yake asaidiwe, na anayebeba mzigo wa tajiri aambiwe atumie misuli? Haki iko wapi?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atunze mitambo iwe salama. Inamkataza pia kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika juu ya hatari. Kwa hiyo tunadai:

1. Mafuta ya stelingi na upepo wa matairi ya mbele vikaguliwe kabla ya safari.

2. Ubovu wowote uandikwe kitabuni, na mjumbe wa chama apewe nakala.

3. Lori lenye pampu mbovu lisitoke yadini.

Ndugu dereva, usione haya kusema stelingi ni nzito. Sema, andika, mwite mjumbe wako. Pampu mpya ni gharama ya mwenye gari. Isilipwe kwa mgongo wako.

Umoja ni nguvu!